Neno la Ukurasa wa Mvua

Sikwenda ngumbaru kwa kupenda masomo. Nilikwenda kwa hasira. Kijana mmoja pale Gikomba aliniuzia mzigo mzima wa mitumba akiapa kwamba ni nguo za watoto, nami nauza nguo za watoto na si kingine. Nilipoukata kamba nikakuta makoti ya wanaume wa Ulaya, mazito, marefu, ya watu wenye matumbo. Na maandishi yalikuwa pale pale juu ya mzigo, makubwa, meusi. Kila mtu sokoni aliyaona isipokuwa mimi, kwa sababu macho niliyokuwa nayo yalikuwa ya kuonea tu, si ya kusomea. Wiki hiyo hiyo nikafunga kibanda mapema, nikaenda zangu ukumbi wa mtaa, Shauri Moyo, kujiandikisha na wazee wenzangu. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tano, mwishoni.

Siku ya kwanza Mwalimu Mirriam alituuliza majina. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mwembamba, mpole wa sauti lakini si wa kuchezewa.

"Mama Githinji," nikamjibu.

"Hilo ni jina la mtoto wako. Lako ni gani?"

Ikabidi nifikiri. Jina la Teresiah nililisikia mara ya mwisho kanisani siku ya harusi, na padri mwenyewe alilitamka vibaya. Nikalitaja kwa haya, utadhani natajwa kortini. Akina mama wote tulikuwa hivyo: Mama Fulani, Mama Fulani, mpaka Mwalimu akaweka chaki chini akatuambia kwamba hapa hatamfundisha mtoto wa mtu, atamfundisha mtu.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa Mama Patrobas. Aliulizwa mara kadhaa ndipo akasema, chini chini, "Truphena Nabiswa." Mama mfupi, mnene kidogo, goti moja bovu, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu. Yeye na mumewe, Mzee Wakoli, ni watu wa Kimilili, lakini Wakoli alifanya kazi ya reli tangu ujana wake, na watoto wao waliwalea katika chumba kimoja cha kanju, yaani cha baraza la jiji, hapa hapa mtaani, safu ya pili kutoka kwangu. Sasa Wakoli alikuwa amestaafu. Mwezi wa sita walikuwa wanarudi nyumbani moja kwa moja, na kule kwao ngumbaru haikuwa karibu. Mtihani ulikuwa mwezi wa tano. Akiukosa huo, hana mwingine.

"Nataka cheti," aliniambia. "Nikifika nyumbani nikitundike ukutani. Kuna watu kule walisema mke wa Wakoli ni mtu bure. Wengine bado wako hai, na macho wanayo."

Nilimpenda kwa maneno hayo. Mimi napenda mtu anayejua anachotaka na nani atakayeumia akikipata.

Lakini mtaani tulimjua kwa kitu kingine, nacho ni kifuniko cha sufuria. Enzi za watoto wetu kuwa wadogo, jua likizama, kila mama wa Shauri Moyo alisimama mlangoni akaita. Githinji, njoo ule. Luseno, njoo ule kabla sijakufuata na mwiko. Ungesikia majina yakipishana hewani kutoka safu hii hadi safu ile, na hakuna mtoto aliyeweza kusema hakusikia lake. Nabiswa naye aliwaita watoto wake kama sisi wote, ila mmoja. Wa kwanza hakumwita. Alitoka na kifuniko cha sufuria, akakigonga kwa mwiko, na huyo mtoto akatimua mbio nyumbani popote alipokuwa. Wenzake wakamtania, wakamwita mtoto wa kengele. Sisi akina mama tukasema huo ni upendeleo, kifungua mimba amewekewa king'ora chake mwenyewe.

Akiwa naye karibu, alimwita Kuka. Kwetu Wakikuyu guka ni babu, nami sikosi la kuchekea, nikamwuliza, "Mama Patrobas, mtoto huyu amezeeka lini?" Alicheka tu. Patrobas lilikuwa jina la shule, baadaye la kazini. Mwaka ninaousimulia, huyo Kuka alikuwa mtu mzima wa kama miaka arobaini, mwenye mke na watoto, anafanya zamu ya usiku katika kiwanda cha sabuni huko Industrial Area. Mama yake bado alimwita Kuka.

Basi tukasoma. Nisiwadanganye, mwanzo ulikuwa taabu. Vidole vilivyozoea jembe na beseni havikubali kalamu, vinaishika utadhani itatoroka. Mzee Kabiru, seremala, alikuwa akichora herufi kwa kupima na rula, na A yake ilisimama imara kuliko meza zake. Mzee Makokha alisinzia. Nabiswa hakusinzia. Alikuwa na tabia ya kusoma na kidole, kisha akifika mwisho wa mstari anageuka kunitazama, kama mtu aliyevuka barabara salama anayeangalia kama mwenzake amevuka pia. Na kama sijavuka, alinisubiri. Hakunicheka, hakuniambia jibu. Alinisubiri. Mpaka leo nikisoma kitu kigumu nahisi kuna mtu ameketi kando yangu ananingoja.

Mwalimu Mirriam alikuwa na jambo lake. Alisema kitabu tulicho nacho ni kimoja, lakini mji mzima umeandikwa. Kwa hiyo Ijumaa moja moja alitutoa nje, msafara wa wazee wenye fimbo na miavuli, twende tukasome Nairobi. Tulianza na Gikomba kwa kuwa iko jirani. Tukasoma Kinyozi. Tukasoma Chai Moto. Mzee Kabiru alisimama mbele ya ukuta mmoja karibu na mto, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mhubiri, "U-si-ko-jo-e ha-pa." Kisha akaivua miwani akasema, "Ala. Miaka yote hii." Tulicheka mpaka wengine wetu tukashika ukuta ule ule.

Safari nyingine tulivuka barabara ya Jogoo tukaenda Industrial Area. Huko ndiko wanaume wa darasa letu walikomaliza ujana wao. Mzee Makokha alituongoza mpaka geti moja la chuma. Alisema katika ujana wake alikuwa akija hapo kila alfajiri, anasimama na wenzake, anangoja mnyapara atoke aseme leo wanataka watu wangapi. Alikuja msimu mzima. Sasa akainua uso, akasoma kibao kilichokuwa juu ya geti, kibao cha zamani, rangi imeambuka. "HAKUNA KAZI." Hakucheka, nasi hatukucheka. Akasema, "Kumbe walikuwa wameshatuambia." Nabiswa ndiye aliyemsogelea akamwambia, "Baba, sasa hawawezi kukuambia tena bila wewe kujua." Makokha tangu siku hiyo hakusinzia darasani.

Nabiswa naye akaomba tupite kiwanda cha sabuni alikofanya kazi mwanawe. Alikuwa hajawahi kufika. Akasimama getini, kidole kimeinuka hewani kikifuata herufi kwa mbali. "U-si-i-ngi-e bi-la ru-hu-sa." Askari kijana akatoka kibandani, akatutazama, wazee wengi namna hiyo.

"Mathe, mnatafuta nani?"

"Hatutafuti mtu," Nabiswa akamjibu. "Tunasoma."

Yule askari alirudi nyuma hatua moja akatuachia nafasi. Sijawahi kusikia neno la heshima zaidi likitoka kwenye kinywa cha mtu mwenye ndala.

Taabu ilianza mwezi wa tatu, tulipofika ukurasa wa mvua. Ulikuwa na picha ya mama ameinama shambani, mawingu juu yake. Chini yake palikuwa na maneno haya: Masika yamefika. Mvua inanyesha. Mama anapanda mahindi. Masika ni wakati wa kazi. Ni ukurasa rahisi, hata mimi niliupita bila kujikwaa. Zamu ya Nabiswa ikafika. Akaweka kidole, akasoma, "Mvua kubwa imefika. Mvua inanyesha. Mama anapanda mahindi. Mvua kubwa ni wakati wa kazi."

"Angalia tena neno la kwanza, mama," Mwalimu akasema.

Akaangalia. "Mvua ya mwezi wa nne," akasema.

Darasa likacheka, si kwa ubaya. Mwalimu akadhani shida iko kwenye S. Akampa sa, se, si, so, su. Nabiswa akazisoma zote. Akadhani shida ni K. Akampa kasuku, sikio, sukari, kisima, na Nabiswa akazisoma kama anayekunywa maji. Wakarudi ukurasa wa mvua. Mvua kubwa. Mzee Kabiru akatangaza kwamba hayo ni macho, wala si kitu kingine, akavua miwani yake mwenyewe, akamvalisha Nabiswa. Akiwa na miwani ya Kabiru puani, Nabiswa alisoma "mvua kubwa" kwa sauti ya wazi zaidi. Nilimtazama kwa makini. Mtu asiyejua neno hutafuta. Huyu hakutafuta. Kidole chake kilifika pale kikapiga kona.

Siku chache baadaye mvua yenyewe ikaja, akapita kibandani kwangu Gikomba kujikinga. Nilikuwa nimetandika turubai juu, maji yanadondoka pembeni. Akaketi juu ya mzigo, akanyoosha goti lake bovu, akaanza kunikunjia sweta ndogo ndogo bila kuombwa.

"Mama Patrobas," nikamwambia, "mimi usinione mjinga. Mtu anayesoma usiingie bila ruhusa mbele ya askari hawezi kushindwa na neno la silabi tatu."

"Silioni gumu."

"Sasa?"

Alikunja sweta moja, akailaza, akaipapasa. "Hilo neno ni mzazi," akasema. "Ni jina la baba mkwe wangu. Kwetu mwanamke hataji jina la baba wa bwana wake. Si mbele yake, si nyuma yake, hata akifa."

Nikabaki nimeshika soksi.

"Na hapa Nairobi nani husema hilo neno?" akaendelea. "Watu wanasema mvua. Wanasema longi reni, Kiingereza cha mjini. Nimekaa hapa tangu ujana wangu, na halikuwahi kukutana nami njiani. Kumbe lilikuwa linaningoja kwenye kitabu."

Akili yangu, ambayo si nyepesi lakini hufika, ikafika. "Na Kuka?"

"Kwetu pia kuka ni babu, na mwanangu ndiye yeye. Babu yake alikuwa ameshafariki, akapewa jina lake."

"Kwa hivyo kile kifuniko cha sufuria."

"Ningefanya nini?"

Nilimwambia kwetu mambo ni kinyume. Sisi mtoto wa kiume wa kwanza tunampa jina la baba mkwe, halafu kutwa tunamgombeza nalo. Githinji umelala. Githinji mvivu wewe. Na Githinji mkubwa ameketi pale pale anakunywa uji wake, anasikia yote. Nabiswa alicheka mpaka akashika goti.

"Basi si ungemwita Patrobas?"

"Hilo ni jina la karatasi. Ukimwita mtoto jina ambalo si lake, anayeitika ni mwingine."

Kisha akaniambia kisa chenyewe, huku anakunja. Aliolewa akakaa miaka kwa Wakoli bila mtoto. Ndugu za Wakoli wakakutana, wakasema arudishwe kwao, huyu ni mtu bure. Yule baba mkwe alikuwa mtu wa maneno machache. Alisimama mbele yao akasema, "Huyu ni mtoto wangu. Anayetaka kumfukuza aanze na mimi." Akachukua jembe lake akaenda shambani, na habari hiyo haikuzungumzwa tena. Alikufa kabla hajamwona mjukuu.

"Mzee Wakoli mwenyewe ananiambia nitaje tu," akasema. "Anasema baba alishakufa, nani atakusikia. Lakini si habari ya kusikiwa. Yule mtu sikuwa na kitu cha kumpa, Mama Githinji. Nilimpa hii." Akagusa midomo yake kwa vidole viwili.

Mimi si mwepesi wa machozi, waulize wanaonidai bei nafuu. Siku hiyo niliinama nikajifanya natafuta soksi ya pili.

"Na hujawahi kumwita mwanao?" nikamwuliza nilipoweza. "Hata mara moja? Hata akiwa mdogo, ameanguka?"

"Wengine huita. Mimi nilimkimbilia."

Nikataka kwenda kumweleza Mwalimu siku ile ile. Akanikataza. Alisema Mwalimu ataeleza darasa, na kila wakilisoma neno hilo watageuka kumtazama. Kitabu kina kurasa nyingi, labda mtahini atampa nyingine. Nikamwahidi kunyamaza, ahadi ambayo kwa mtu kama mimi ni mzigo. Lakini neno moja bado lilinikera.

"Na kuliandika je?"

Akasita, sweta mkononi. Nilimwona analiwaza kwa mara ya kwanza. "Kuandika hakukusemwa," akajibu polepole. "Wazee waliokataza hawakuijua kalamu." Halafu akatabasamu. "Na baba mwenyewe hakusoma. Hata akipita karibu na ubao, hatajua kwamba ni yeye."

Siku ya mtihani mvua ilinyesha kuanzia asubuhi. Njia ya kwenda ukumbini ilikuwa matope matupu, tulifika tumebeba viatu mkononi. Mtahini alikuwa Bwana Mulwa, mtu wa makamo, koti la mvua, buti za mpira, sura ya mtu ambaye hajacheka tangu Krismasi. Simsemi vibaya. Alimpa kila mmoja haki yake. Alikuita mbele, akafungua kitabu alipotaka yeye, ukasoma kwa sauti, akaandika. Ukiweza aliandika Amefuzu. Kama huwezi aliandika Bado. Mzee Makokha aliitwa, akasoma habari za choo safi mpaka mwisho, akafuzu, akarudi kwenye kiti chake akikanyaga kama askari. Kabiru akafuzu. Mimi nilipewa habari za mbuzi, nikazisoma kwa haraka kabla hazijanitoroka, nikafuzu.

Kupitia dirishani nilimwona Kuka. Alikuwa amefika na mwavuli, kasimama chini ya paa la nje karibu na mlango, amevaa ovaroli ya kazini. Siku za mvua alikuja hivyo kabla ya zamu yake, amshike mama yake mkono kwenye matope kwa sababu ya lile goti.

"Truphena Nabiswa," Bwana Mulwa akaita. Akaangalia dirishani, akaangalia kitabu. "Kwa kuwa inanyesha, tusome mvua."

 Nabiswa aliupokea ukurasa bila kubadilika uso. Akaweka kidole.

"Mvua kubwa imefika. Mvua inanyesha. Mama anapanda mahindi. Mvua kubwa ni wakati wa kazi."

Bwana Mulwa akafunika picha kwa kiganja. "Tena."

Akasoma tena, vile vile.

"Mama, wewe unasoma picha. Umekariri hadithi. Hebu nisomee neno la kwanza peke yake."

Nabiswa alilitazama. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilikuwa najua anachotazama. Anatazama cheti kile ukutani, na wale watu wa Kimilili wenye macho, na yule mtu aliyechukua jembe akaenda shambani.

"Silisomi," akasema.

Hakusema siwezi. Mimi nilisikia tofauti. Bwana Mulwa hakuisikia, na angeisikia vipi? Akaandika Bado. Mwalimu Mirriam akaweka mkono mdomoni.

Ahadi ni ahadi, lakini miguu yangu haikuwa imeahidi kitu. Nilijikuta nimesimama. "Bwana Mtahini, huyo mama unayemwona hapo..."

"Mama Githinji, kaa."

Ni Nabiswa, alisema bila kugeuka. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo. Nikakaa, na wengine wote wakanyooka vitini.

"Baba," akamwambia Bwana Mulwa, "mtihani huu ni wa mdomo ama ni wa kusoma?"

"Ni wa kusoma. Lakini nitajuaje umesoma kama sijasikia?"

"Nipe chaki."

Bwana Mulwa akamtazama Mwalimu. Mwalimu hakungoja ruhusa, akampa. Nabiswa akafunga kitabu, akakiacha mezani, akaenda ubaoni na goti lake, hatua moja moja. Akatupa mgongo. Mkono uliinuka, ukakaa hewani muda mrefu mpaka nikadhani ameghairi. Halafu akaandika, herufi kubwa kubwa: MASIKA YAMEFIKA.

Bwana Mulwa aliinuka kitini. Akaenda karibu, akasoma, akarudi. Hapa ndipo nampa heshima yake, kwa sababu angeweza kusema imetosha, imeshaandikwa Bado, twende nyumbani. Hakusema hivyo.

"Umeandika vizuri," akasema. "Lakini hayo yamo kitabuni. Niandikie jambo ambalo halimo kitabuni, na neno hilo liwemo."

Nabiswa akafuta kwa kiganja. Mabega yake yalipanda yakashuka. Akaanza tena, na safari hii hakusita mahali popote. Aliandika kama mtu ambaye sentensi hiyo ameibeba tumboni muda mrefu kuliko alivyombeba mtoto mwenyewe. Alipomaliza akasogea kando tuone.

MASIKA NJOO ULE.

Darasani kwetu kuna desturi. Chochote kikiandikwa ubaoni, wote tunakisoma pamoja, kwa nguvu, kwa kuwa masikio yetu wengine yameshachoka. Hakuna aliyetuambia tusome. Mzee Kabiru alianza na wengine wakamfuata, wazee kwa akina mama, "Masika, njoo ule." Mimi nilichelewa. Nilikuwa najua ninachosoma. Hawa wenzangu hawakujua. Walidhani wanasoma ubao.

"Tena, pamoja," Kabiru akasema, kama Mwalimu anavyosemaga.

Mara ya pili sikubaki nyuma. Nilitoa ile sauti yangu ya jioni, sauti ya mlangoni, ile niliyomwitia Githinji miaka yote na kuitumia vibaya. "Masika, njoo ule." Tuliita hivyo sote, mpaka kwa muda kidogo mvua haikusikika.

Bwana Mulwa akainama juu ya karatasi yake. Nilikuwa karibu, na macho yangu sasa yalikuwa ya kusomea. Alikata Bado kwa mstari mmoja, akaandika Amefuzu.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Kuka akaingia, mwavuli unachuruzika, kofia mkononi, viatu vimejaa matope. Alitutazama wazee wote tulivyokaa, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeamshwa.

"Nani ananiita?" akauliza.

 Makokha alinitazama, nikatazama chini. Nabiswa alikuwa bado amesimama ubaoni, chaki mkononi, vumbi jeupe limemjaa kiganjani. Akamgeukia mwanawe.

"Ni mimi," akasema.